Anti, shoga'ngu kapanda Kilimanjaro basi anataka Everest tuipande mbio mbio

BARUA

Anti shikamoo,

Naandika nikiwa Kathmandu, Nepal, hosteli moja hapa Thamel, ghorofa ya juu kabisa ambayo intaneti inafika kwa kuviziwa. Naomba unijibu haraka ukiweza maana kuna hela inatakiwa imaliziwe na mimi moyo umegoma.

Tuko watatu, wote tunafanya kazi hoteli moja Doha. Mimi mtu wa Tanga, shoga'ngu ni wa Moshi na tunakaa chumba kimoja, alafu kuna kaka mmoja wa Mombasa yuko mapokezi. Kule kazini Wanepali wamejaa, jikoni ndo usiseme, na stori zao ni milima milima, picha za kwao wamezibandika mpaka kwenye makabati ya kubadilishia nguo. Ndo tukaambizana likizo ya safari hii hatuendi nyumbani kuulizwa zawadi, tunaenda Nepal, ndege ni masaa manne na ushee tu. Uwanjani tumekata viza ya siku 15, dola 30 kila mtu, hatukuulizwa mengi.

Anti huu mji nimeupenda sijui nikuelezeje. Tumefika Dashain ndo inaisha, ile sikukuu yao kubwa, watu wana tika nyekundu kwenye paji la uso, maduka yanafunguka moja moja. Hapa Thamel kila mlango ni duka la makoti ya mlimani yenye nembo kubwa kubwa ambazo hata mtoto anajua sio zenyewe, juu nyaya za umeme zimefungana kama nywele za mtu alotoka kusukuliwa, pikipiki zinapita kwenye kichochoro ambacho watu wawili wenye mabegi hawapishani. Vumbi sasa! Nimenunua barakoa siku ya kwanza. Tumeenda soko la Asan nikanunua iliki na mdalasini nikajiona niko kwetu, tukaenda pale Durbar Square ya Hanuman Dhoka kiingilio rupia 1,000 kwa mgeni, bado baadhi ya majengo yana alama za lile tetemeko la 2015. Jana jioni Boudhanath, lile kuba jeupe lenye macho, watu wanalizunguka wote upande mmoja, wazee, watoto, watawa, na sisi tukaingia mule mule tukazunguka, nikasahau kama nina kazi Doha.

Sasa tatizo. Shoga'ngu ameshapanda Kilimanjaro, alienda wakati yuko chuo kwa njia ya Marangu na akafika Uhuru, hilo sikatai, picha nimeziona mpaka nimezikariri. Toka tumefika huku anaongea kama yeye ndo mlima wenyewe. Siku ya pili tu kaka mmoja kamdaka barabarani, sista sista, mnaenda treki, kampeleka ofisini kwao ngazi za juu, wakanywa chai, kurudi kashalipa adivansi ya dola 100 kwa kila mtu, hela alizotoa kwenye mfuko wetu wa pamoja bila kutuuliza. Ni safari ya Kambi ya Everest, ile ya chini ya mlima wenyewe, ya siku saba. Siku sita kupanda, mnalala kila siku sehemu mpya, ya saba mnarudi na helikopta. Na helikopta ni bure! Nikauliza bure kivipi, akasema yule wakala kamwambia mkifika juu kabisa mnasema tu kichwa kinawauma, wao wanapiga simu, helikopta inakuja, bima inalipa. Bima yenyewe ni ile ya kazini.

Nikasema mbona nasoma watu wanapumzika siku mbili mbili njiani, akanambia hizo ni za wazungu wazee, sisi watu wa Moshi hewa ya juu tumezaliwa nayo. Na siku zikiongezwa hatuwahi kazini, na viza itaisha, hapo ana hoja lakini mimi sijaridhika. Viatu vyenyewe kanunua juzi hapa hapa Thamel, bado vinanuka gundi.

Kaka wa Mombasa ye hana upande, maana toka ale zile puri za maji maji za barabarani hatoki mbali na choo. Na pia anasumbuka na chakula, momo, zile sambusa zao za mvuke, nyingi ni za nyama ya nyati au kuku na haelewi zimechinjwaje, anaishi kwa biskuti.

Kuna dai mmoja (ndo kaka mkubwa kwa Kinepali) wa jikoni kazini, mtu mzima, anatoka Rasuwa, kabla hatujaondoka alituambia nendeni kwetu Langtang, mnapanda basi tu, msihangaike na ndege. Shoga akacheka, akasema nikiposti Langtang nani ataijua.

Anti, nikisema siendi naonekana muoga na nimewaharibia likizo, na tunarudi kulala chumba kimoja Doha kwa mwaka mzima. Nikienda naogopa. Na ile habari ya kusema kichwa kinauma wakati hakiumi mimi mama yangu hakunilea hivyo. Nifanyeje? Na hiyo dola 100 ndo imeenda?

Mwenye Mashaka, Thamel

JIBU

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuzunguka Boudha kabla ya kuanza kugombana.

Nianze na hilo la helikopta maana ndo linaloniudhi zaidi. Hiyo helikopta sio bure na huyo wakala hakufanyieni hisani. Ni biashara inayojulikana kabisa pale Kathmandu, ilifika mahali mwaka 2018 serikali ya Nepal ikaunda uchunguzi, kampuni za bima za nje zikawa zinatishia kujitoa. Inavyokwenda ni hivi, wakala anakupa safari kwa bei ya kutupa, hapati faida kwenye kupanda kwako, anapata kwenye kuugua kwako. Mwenye helikopta anampa chake, hospitali utakayoshushwa nayo inampa chake, bili inapelekwa bima ikiwa imenona. Kwa hiyo huyo mtu ana sababu ya kutaka mpande haraka. Umenielewa hapo? Akiwapandisha taratibu mkafika wazima mkarudi kwa miguu mkicheka, ye kala hasara. Sijasema kila wakala wa Thamel yuko hivyo, wako waaminifu wengi tu, wanaishi kwa jina lao, ila anayekuambia siku ya kwanza useme unaumwa huyo keshajitambulisha mwenyewe.

Na bima yenu ya kazini, mwanangu, itoeni muisome leo usiku. Bima nyingi za waajiri zimeandikwa kwa ajili ya hospitali za nchi mnayofanyia kazi. Tafuta mambo mawili, wanakufunika mpaka mita ngapi, na kama kuokolewa kwa helikopta kumetajwa. Kwa Kambi ya Everest watu wanakata bima ya mpaka mita 6,000. Kama hayo hayapo, hiyo helikopta ya bure bili yake inakuja kwenu kwa jina, na ni maelfu ya dola. Na hata kama yapo, kudanganya ugonjwa ni kuibia bima, wakigundua hawalipi, na nyie ni watu wa mikataba Gulf, mnajua wenyewe kesi ya karatasi inavyoweza kumfuata mtu mpaka kazini.

Haya tuje kwa huyu wa Moshi. Mimi nimekaa Moshi miaka mingi, nimewaona wanaoenda na wanaorudi, na kwa heshima zote kwa Uhuru Peak, mita 5,895 ni juu kuliko Kambi ya Everest ambayo ni 5,364, hapo shoga'ko hajakosea na najua kashakutajia hiyo hesabu. Asichokutajia ni analala wapi. Njia ya Marangu unalala Kibo kama mita 4,700, tena kulala kwenyewe ni masaa machache, usiku wa manane mnaamshwa, alfajiri uko kileleni, mchana unashuka mbio mpaka Horombo. Yaani juu kabisa unapita tu kama mtu aliyeingia duka asilo na hela nalo. Huko Khumbu, upande wa Everest, unaishi huko juu. Unalala Namche 3,440, unalala Dingboche 4,410, unalala Lobuche karibu 4,900, unalala Gorak Shep zaidi ya 5,100. Usiku juu ya usiku. Kichwa kinachouma kidogo saa kumi jioni kinakuwa kingine kabisa saa nane za usiku, na hapo hakuna Horombo ya kukimbilia chini yako.

Na hilo la kuzaliwa na hewa ya juu naomba nicheke kidogo. Moshi mjini iko chini kuliko Kathmandu! Kathmandu yenyewe ni kama mita 1,400, na hapo ulipo hamjaanza kupanda chochote. Halafu mwili ukizoea huko juu mazoea hayo yanaisha ndani ya wiki chache ukishashuka, na nyie mnatoka Doha, mji uko usawa wa bahari, mnafanya kazi kwenye kiyoyozi. Alivyopanda chuoni ilikuwa chuoni.

Utaratibu wanaofuata waongozaji wenye akili ni huu, ukishapita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya kama mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne ukae usiku wa ziada pale pale. Ndo maana watu wote wanalala Namche siku mbili na Dingboche siku mbili, mchana wanapanda kilima jirani wanarudi kulala chini. Sio wazungu wazee, hata vijana wa jeshi wanapumzika. Ratiba ya huyo wakala imekata mapumziko yote mawili, na pale kutoka Phakding kwenda Namche mnapanda mita 800 na zaidi kwa mkupuo. Kwenda na kurudi kwa miguu toka Lukla, pale ndege inapowashusha, kwa ratiba ya kawaida ni kama siku 12, na unaweka siku za akiba sababu ndege za Lukla zinafutwa kila wingu linapojisikia, ule uwanja una njia ya mita 527 tu na imeinama. Wakala kawaambia kama mwezi Oktoba ndege nyingi za Lukla hazitoki Kathmandu? Zinatoka Manthali, Ramechhap, mnachukuliwa hotelini saa saba au nane usiku, gari masaa manne matano gizani, ndo mpande ndege. Nakisia hajasema.

Kwa hiyo piga hesabu mwenyewe. Viza siku 15, mmeshakula kadhaa, kazi inawasubiri. Kambi ya Everest haiingii kwenye likizo yenu. Ndo hivyo. Ukitaka iingie lazima ukate siku, na siku pekee zinazokatika ni zile za kupumzika, ambazo ndo zinazokuweka hai.

Cha kukata ni mlima wenyewe, sio siku za kupumzika. Dai wa jikoni aliwaambia ukweli na nyie mkamcheka. Langtang ni basi tu toka Machha Pokhari hapo Kathmandu mpaka Syabrubesi, siku nzima ya kurushwa rushwa, barabara mbovu sikudanganyi. Kuanzia hapo mnapanda bonde lile siku tatu nne mpaka Kyanjin Gompa, kama mita 3,870, mnapumzika hapo, mwenye pumzi anapanda Kyanjin Ri kwa miguu yake anarudi kulala chini, alafu mnashuka. Wiki moja hivi na basi za kwenda na kurudi, na mna siku ya akiba. Barafu mtaiona mpaka mchoke, milima imesimama pande zote, na watu ni wachache kuliko kule. Kuna kiwanda kidogo cha jibini Kyanjin, waulizeni. Na mtapita kijiji cha Langtang chenyewe, ambacho tetemeko la Aprili 2015 liliangusha barafu na mawe yakakifunika karibu chote, mamia walifariki, wenyeji na wageni. Waliobaki wamejenga upya pembeni kidogo. Mkipita pale punguzeni kelele na hizo picha za kuruka. Na kama huyo dai ana ndugu njiani mtumieni ujumbe leo, mtalala kwa watu wanaomjua mwenzenu, ni tofauti kubwa.

Kitu kimoja kuhusu Langtang ambacho watu wanakipuuza sababu ni fupi, siku ya kutoka Lama Hotel (ni jina la kituo cha njiani) kwenda kijiji cha Langtang unapanda kama mita 1,000 kwa siku moja. Msifanye hivyo. Simameni katikati, Ghoda Tabela au Thyangsyap, mlale hapo. Shoga'ko atasema anaweza. Mwambie kijiji hakihami.

Kibali cha hifadhi ni rupia 3,000 kwa mgeni, na toka Aprili 2023 Nepal inataka mgeni awe na mwongozaji mwenye leseni, kwa hiyo tafuteni mmoja wa halali, na mpagazi kama mabegi ni mazito. Nenda ofisi ya bodi ya utalii Bhrikutimandap uulize pale mwenyewe uondoke na majibu ya serikali, ila usiende Jumamosi, Jumamosi ndo Jumapili yao. Na mpagazi, hili shoga'ko analijua vizuri kuliko mimi maana kule kwetu wagumu, wapagazi wa Kilimanjaro, wanapimiwa mzigo getini, msimrundikie mabegi matatu, na muulize kama ana koti na bima. Wakala au mwongozaji atahitaji nakala ya pasipoti na picha kwa ajili ya vibali. Nakala. Pasipoti yenyewe haibaki kwenye droo ya mtu kama dhamana, na hilo mtu anayefanya kazi Gulf sina haja ya kumfundisha.

Dola 100. Nendeni wote watatu, asubuhi, mkiwa mmetulia, ombeni irudi, mna risiti? Semeni mmebadili safari, likizo haitoshi, basi, msianze kumshtaki habari ya helikopta pale pale. Akikataa mwambieni mnaenda kwa polisi wa utalii, wako hapo hapo Bhrikutimandap, na mara nyingi hilo neno tu linatosha droo ifunguke. Huenda mkapata nusu. Huenda msipate kitu, mkaiacha, bado ni nafuu kuliko mlivyokuwa mnaenda kulipa.

Sasa shoga mwenyewe. Hapa ndo naona umeniandikia hasa, hayo mengine ungeyapata kwa kusoma. Usimwambie mbele ya yule kaka wala mbele ya wakala, na usianze na naogopa, maana atakujibu usiogope niko na wewe na mazungumzo yataishia hapo. Mtoe asubuhi mapema kabla Thamel haijaamka, kunywa naye chiya, chai yao, kwenye vibanda vya Asan, mwambie mambo mawili tu. La kwanza, mimi sisemi naumwa wakati siumwi, kwa hiyo hiyo safari mimi simo, hilo sijadili. La pili, nataka twende mlimani wote, nimepata Langtang, nimeshapiga hesabu ya siku, hii hapa. Umpe kazi pia, ye ndo mwenye uzoefu, ndo atawaambia nguo za kulalia zikoje, maji mnakunywa kiasi gani, nani anatembea mbele. Watu wanaojisifu sana mara nyingi wanataka tu waulizwe, na kusema kweli katika nyie watatu ye peke yake ndo anajua saa nane za usiku kwenye baridi zikoje. Hiyo ni mali, itumieni.

Kuhusu hela ya mfuko wa pamoja aliyoitoa bila kuuliza, hilo lisemeni pia ila lisemeni Doha. Sio sasa.

Akigoma kabisa? Basi ye aende kwake na nyie muende kwenu, watu wazima. Ila usimfiche unachokijua, mpe huu ujumbe asome, na hakikisha kabla hajaondoka anajua dalili. Kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi kukata, hapo hupandi zaidi mpaka zipite. Ukianza kutembea kama mlevi, au unahema ukiwa umekaa tu na kikohozi kina majimaji, unashuka saa hiyo hiyo, usiku au mchana, husubiri asubuhi wala helikopta. Na hapa sisi Waafrika Mashariki tuna ugonjwa wetu, kichwa kikiuma tunameza Panadol tunaendelea, tukizidiwa tunasema malaria. Panadol unaruhusiwa, lakini kama bado unaumwa nayo, au umeimeza ndo unajisikia fresh basi unataka kupanda, subiri kwanza. Kuna dawa ya Diamox, Kathmandu inauzwa famasi, muulizeni daktari kabla, na kama kuna mtu kati yenu anayebabuka akimeza Septrini au zile dawa za malaria za salfa amwambie daktari hilo mapema.

Kaka wa Mombasa anywe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, famasi yoyote aombe Jeevan Jal, anakunywa siku nzima kidogo kidogo. Akiwa na homa au damu aende kliniki, na hapandi basi mpaka tumbo likae sawa, masaa nane ya ile barabara na tumbo lile ni dhambi kwa abiria wengine. Maji ya bomba hapana, hata ya kupigia mswaki, nunueni vidonge vya kutibu maji muondokane na chupa za plastiki huko juu. Na biskuti basi jamani. Karibu na Ghantaghar, pale kwenye mnara wa saa, kuna misikiti miwili mikubwa, aende aswali Ijumaa atapata ndugu wa kumuonyesha wapi kuna nyama ya halali. Mlimani aachane na nyama kabisa, huko nyama inabebwa mgongoni siku kadhaa bila friji, ale dal bhat, wali na dengu na mboga, unaongezewa mpaka useme basi, na ndo chakula wanachopandia wapagazi wenyewe.

Na siku mbili tatu zilizobaki hapo mjini msizione ni za kupoteza. Hivyo viatu vya gundi shoga'ko avivae leo aende navyo Swayambhunath, zile ngazi 365, apande na begi lenye uzito kamili, ashuke, apande tena, kama kuna mahali vinambana ajulie hapo mjini, sio akiwa Lama Hotel. Nyani wa pale wanaiba, chakula kisionekane. Makoti mazito na slipingi begi kodini badala ya kununua, Thamel bei ni ndogo kwa siku, fungeni zipu zote kabla hamjalipa na muingize pua ndani mjue aliyelala humo mwisho alikuwa nani. Pashupatinath nendeni kwa adabu, pale kingo za Bagmati watu wanachoma marehemu wao, kamera kaeni nayo mfukoni, na ndani ya hekalu kuu asiye Mhindu haingii. Wale wazee waliojipaka majivu ukiwapiga picha wanataka hela, kubalianeni kabla. Mtoto au mama akikuomba umnunulie maziwa ya unga badala ya hela, moyo utakuuma najua, lakini kopo hilo mara nyingi linarudi dukani ukishageuka.

Chukueni hela taslimu za kutosha Kathmandu kabla ya basi, msitegemee mashine huko bondeni. Laini ya simu wekeni ya Nepal Telecom, milimani inashika zaidi. Tiketi kateni siku moja kabla pale Machha Pokhari maana kipindi hiki cha Dashain watu wengi wako safarini na mabasi yanajaa, na muombe viti vya mbele, wa nyuma wanafika Syabrubesi vichwa vina nundu.